Muhuri Si Chanjo



Wiki hii tumeazimia kuzungumza juu ya siku moja ambayo familia nyingi za Pwani huipitia kwa haraka, fikira zao zikiwa kwenye mizigo na tiketi: siku ya kwenda kudungwa sindano na kupimwa kabla ya safari au kabla ya kuanza kazi.

Tutaanza na kisa cha jirani yetu, ambaye ameturidhia tukisimulie bila ya kumtaja jina. Tutamwita Bi Mkubwa, kama wanavyomwita wajukuu zake. Ana umri wa miaka 68. Kwa muda mrefu aliweka akiba kidogo kidogo kutokana na biashara yake ya mahamri, na watoto wake wakamtimizia iliyobaki, mpaka nia yake ya Umra ikakaribia kutimia. Zilikuwa zimebaki siku sita tu kabla ya ndege kuondoka, wakala wa safari alipokumbusha kuwa hati za chanjo hazijafika ofisini kwake.

Kijana wake alimchukua mbio hadi kliniki moja ndogo aliyoelekezwa na rafiki. Mhudumu aliyekuwa mezani hakuuliza umri wa mama wala maradhi yake. Aliuliza tarehe ya safari, akahesabu kwa vidole, kisha akasema kwa upole kwamba jambo hilo si zito: tarehe ya kwenye hati ingerudishwa nyuma wiki mbili, na ikiwa mama anaogopa sindano, hata sindano yenyewe ingeweza kuachwa. Malipo yangekuwa yale yale.

Bi Mkubwa, ambaye hakuzoea kusema mbele ya watu wa ofisi, siku hiyo alisema. "Mwanangu, mimi nakwenda kuomba toba. Nitaianzaje safari kwa karatasi ya uongo?" Akainuka, akajitanda buibui lake, akatoka. Kijana akatupigia simu akiwa amekasirika, akituomba tumshawishi mamake. Badala ya kumshawishi tulikwenda naye kliniki ya pili, na tuliyoyaona huko ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Kwanza tueleze kwa nini chanjo hizi zinatakiwa, maana wengi wetu tunazihesabu kuwa usumbufu wa ubalozi tu. Serikali ya Saudi Arabia humtaka kila anayekwenda Hija au Umra, mwenye umri wa mwaka mmoja au zaidi, awe amechanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo kwa chanjo inayokinga aina nne za vimelea vyake, ambazo madaktari huziita A, C, W na Y. Chanjo hiyo iwe imedungwa si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili. Sharti hilo lilitokana na misiba. Mwaka 1987 maradhi haya yalizuka miongoni mwa mahujaji na kusambaa pamoja nao walipokuwa wakirejea makwao. Mwaka 2000 yalizuka tena kwa aina nyingine, ile ya W, na zaidi ya watu 400 wa nchi mbalimbali wakaugua, wakiwemo jamaa waliobaki nyumbani na kuambukizwa na wapendwa wao waliorudi na tende na maji ya Zamzam. Na si habari ya zamani pekee. Mwaka 2024 Marekani, Uingereza na Ufaransa ziliripoti wagonjwa 12 waliohusishwa na safari za Umra, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa.

Siku 10 zina maana yake. Chanjo haifanyi kazi papo hapo kama maji yazimavyo moto. Ni mafunzo kwa mwili, na mwili huhitaji siku kadhaa ili ujifunze na kujenga kinga. Anayerudisha tarehe nyuma anaweza kumhadaa afisa wa uwanja wa ndege. Hawezi kuuhadaa mwili. Mama wa miaka 68 akiingia katika msongamano wa Makka huku karatasi yake ikisema ana kinga na damu yake haina, anayedanganywa ni yeye mwenyewe, na pamoja naye wajukuu atakaorudi kuwakumbatia.

Hati ya pili ni ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya maradhi hayo. Itakumbukwa kuwa mwaka 2022 serikali ilitangaza mlipuko katika kaunti ya Isiolo. Kwa sababu hiyo mataifa kadhaa humtaka msafiri atokaye kwetu aonyeshe kadi ya manjano. Hati hiyo huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano ya kwanza, na tangu Julai 2016 huhesabiwa kuwa halali kwa maisha yote ya mwenyewe. Mwenye kadi aliyoipata miaka mingi iliyopita hana haja ya kurudia kwa sababu tu wakala amemwambia imekwisha muda.

Sasa turudi katika kliniki ya pili. Ilikuwa kliniki ya kujitegemea, ghorofani, ikiendeshwa na daktari mmoja na wauguzi wawili. Haikuwa na marumaru wala televisheni kubwa ukutani. Muuguzi alimwamkia Bi Mkubwa "Shikamuu mamangu," akamkalisha, akafungua karatasi yenye maswali mengi. Umri wako? Umewahi kuvimba au kubanwa na pumzi baada ya kula mayai? Umewahi kudhurika kwa chanjo yoyote? Una kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya figo? Unatumia dawa gani kila siku? Bi Mkubwa akatoa mkobani pakiti zake. Muuguzi alipofika kwenye vidonge vya baridi yabisi alisita, akanyanyuka, akamwita daktari.

Daktari alieleza kwa utaratibu. Chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu mwenye kinga timamu virusi hivyo havina nguvu ya kudhuru. Lakini vidonge vile vya baridi yabisi hufanya kazi kwa kupunguza makali ya kinga ya mwili, na mtu wa aina hiyo akidungwa chanjo hai, virusi dhaifu vinaweza kupata nafasi ya kuzaana na kumwangusha. Isitoshe, mwenye umri wa miaka 60 na zaidi anayepata chanjo hii kwa mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa kuliko kijana wa kupatwa na madhara makali, japo madhara hayo ni nadra. Akamaliza kwa neno moja: "Mama, hii sitakudunga."

Kuhusu homa ya uti wa mgongo alisema chanjo yake si hai, na ataidunga siku hiyo hiyo. Ila tarehe atakayoiandika ni ya siku hiyo, na siku sita hazitoshi.

Tunawaachia mkisie hali ya kijana wake. Alilalamika kuwa tiketi imekwisha kulipwa, kuwa kundi litamwacha mama, kuwa kliniki nyingine imekubali bila ya maneno. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza njia iliyobaki. Kanuni za afya za kimataifa zinamruhusu daktari kuandika barua ya sababu za kitabibu, kwa Kiingereza au Kifaransa, kuonyesha kuwa msafiri huyu hafai kupewa chanjo ya homa ya manjano. Nchi anayokwenda hutakiwa kuizingatia barua hiyo, lakini uamuzi hubaki kuwa wao, kwa hiyo ni lazima wakala aulize na apate jibu kabla ya safari. Safari iahirishwe, sindano ya uti wa mgongo ipate siku zake, na jibu la barua lisubiriwe.

Tulitoka pale tukiwa na jambo moja ambalo tungependa kila nyumba ilishike: kliniki salama hujulikana kwa uwezo wake wa kusema hapana. Kliniki ya kwanza ilisema ndiyo kwa kila kitu, na laiti Bi Mkubwa angekubali sindano pale badala ya kuikataa karatasi, angeweza kudungwa chanjo hai juu ya vidonge vile, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Kliniki ya pili ilipoteza malipo ya sindano moja na kupata lawama za kijana. Kliniki ya kujitegemea hula kutokana na kila sindano inayodungwa. Haina bodi ya hospitali kubwa juu yake, wala mkuu wa idara anayepita vyumbani asubuhi. Usalama wake unategemea mambo matatu: sheria za nchi, utaratibu ulioandikwa na kufuatwa, na mteja anayeuliza. La tatu ndilo lililo mikononi mwetu.

Tuuulize nini, basi, na tutazame nini? Yafuatayo tuliyaona kwa macho yetu, na muuguzi alikubali kutueleza moja baada ya jingine wakati Bi Mkubwa akisubiri.

La kwanza ni jokofu. Chanjo nyingi zinazotumiwa kwa wasafiri huhifadhiwa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Zikipata joto huharibika kimya kimya. Rangi haibadiliki wala harufu. Baadhi yake, kama ile ya homa ya ini aina ya B na ile ya pepopunda, huharibika pia zikiganda. Jokofu la chanjo halitiwi maziwa, soda wala chakula cha wafanyakazi, maana kila linapofunguliwa baridi hutoka. Ndani huwa na kipimajoto, na mlangoni hubandikwa karatasi inayojazwa asubuhi na jioni kila siku. Sisi watu wa Pwani twajua joto letu na twajua stima inavyopotea. Ni haki kuuliza: stima ikipotea mnafanya nini? Penye utaratibu mtapewa jibu bila ya kusitasita: kuna jenereta, au kuna makasha ya baridi na vipande vya barafu vilivyotayarishwa, na chanjo iliyotiliwa shaka huwekwa kando mpaka ithibitishwe.

La pili ni kichupa chenyewe. Muuguzi alimwonyesha Bi Mkubwa jina la chanjo na tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kuvuta dawa. Vichupa vingi vinavyonunuliwa kwa mipango ya chanjo ya mataifa huwa na alama ndogo ya duara lenye mraba katikati. Mraba huo huwa mweupe, na kadiri kichupa kinavyopata joto ndivyo unavyozidi kuiva. Ukifikia rangi ya duara linalouzunguka, chanjo hiyo haitumiki tena. Mama asiyejua kusoma anaweza kuitambua alama hiyo.

Chanjo ya homa ya manjano huja ikiwa unga mkavu, ikachanganywa na maji yake maalumu yatokayo kwa mtengenezaji yule yule. Ikishachanganywa, kichupa cha dozi nyingi kiwekwe baridini na kisitumike kupita saa 6, kilichobaki hutupwa. Ndiyo maana kliniki nyingine hupanga siku maalumu za chanjo hiyo na kuwakusanya wasafiri pamoja. Ukiambiwa urudi Alhamisi, usinung'unike. Huenda wanakukinga na mabaki ya jana.

La tatu ni sindano. Kila mtu na sindano yake mpya na bomba lake jipya, vifunguliwe kutoka kwenye pakiti mbele ya macho yake, vitumike mara moja, kisha vitiwe papo hapo katika sanduku gumu lisilotoboka, bila ya kurudishiwa kifuniko. Sanduku hilo halijazwi pomoni. Likifika robo tatu hufungwa na kupelekwa kuteketezwa. Tukiona sindano zimelala katika pipa la takataka za kawaida, tujue kuna mfagiaji au mtoto wa jaa atakayechomwa nazo.

Haya si maneno ya kutiana hofu. Mwaka 2017 katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, si mbali na mpaka wetu wa Turkana, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanjo ilikaa siku kadhaa bila ya baridi, na bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumika kwa siku zote nne za kazi. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa; vijidudu viliingia kwa mikono iliyokosa mafunzo. Mwaka 2019, huko Ratodero katika jimbo la Sindh, Pakistan, mamia ya watoto waligundulika kuwa na virusi vya ukimwi, na wachunguzi wakataja sindano zilizorudiwa kutumika kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Wazazi wa watoto hao waliwapeleka kutibiwa homa na kuhara. Walimwamini aliyevaa koti jeupe, na hawakujua kuwa wangeweza kusema: fungua pakiti nione.

La nne ni kiti cha kusubiri. Baada ya sindano Bi Mkubwa aliambiwa akae kwa muda wa dakika 15, na muuguzi alisema wengine huambiwa nusu saa, kulingana na hali zao. Mtu mmoja mmoja hupatwa na mzio mkali, akavimba uso, akabanwa na pumzi, presha ikashuka. Mara nyingi hali hiyo hutokea katika dakika za mwanzo, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini. Dawa hiyo inapaswa kuwa chumbani mle mle, haijapitwa na muda, na ajuaye kuidunga awe karibu. Kliniki inayokudunga na kukusindikiza mlangoni kabla pamba haijakauka imekuacha upambane na hatari hiyo ukiwa ndani ya matatu.

La tano ni daftari. Jina la chanjo, namba ya toleo lake, tarehe, na jina la aliyedunga huandikwa mahali pawili: katika hati ya msafiri na katika daftari la kliniki. Siku toleo fulani likigundulika kuwa na kasoro, daftari hilo ndilo litakalowatafuta waliochanjwa. Hati ya uongo haiwezi kutafutwa na mtu, kwani nyuma yake hamna kitu.

Baada ya hayo tuwageukie mabinti zetu na wote wanaopelekwa kupimwa kwa ajili ya kazi. Kliniki hizi za wasafiri mara nyingi ndizo zinazowapima pia wapishi wa hoteli, wafanyakazi wa bandarini na viwandani, na wasichana wanaokwenda kutafuta riziki katika nchi za Ghuba. Hapa usalama una upande mwingine, nao ni heshima ya mtu na siri yake.

Msichana anayetakiwa kupigwa picha ya kifua ili kuangaliwa kifua kikuu aulizwe kwanza, kwa faragha, kama kuna uwezekano wa mimba, kwa sababu miale ya eksirei huepukwa kwa mja mzito pasipo dharura. Swali hilo likiulizwa mbele ya foleni, au mbele ya wakala aliyemleta, atakana hata kama ndiyo. Swali hilo pia huulizwa kabla ya chanjo hai, na anayenyonyesha mtoto mchanga aseme. Akihitajika kuvua sehemu ya nguo kwa ajili ya kuchunguzwa, ana haki ya kupimwa na mwanamke, au kuwa na mwanamke mwenziwe chumbani. Kuomba hilo si ushamba. Kliniki zenye utaratibu mzuri huwa zimekwisha kulipanga kabla ya kuombwa.

Majibu ya vipimo ni mali ya aliyepimwa. Mwajiri anayelipia uchunguzi anahitaji kujua kama mtu huyu anafaa kwa kazi hii, au anafaa kwa masharti fulani. Hana haja ya kujua kila kilichoonekana katika damu yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi imeweka wazi kuwa kipimo cha virusi hivyo hutaka ridhaa ya mtu, na majibu yake hutunzwa kwa siri. Binti akikutwa na maradhi, aambiwe yeye kwanza, kwa lugha anayoielewa, na aelekezwe pa kutibiwa. Tumesikia visa vya wasichana waliojua habari za miili yao kutoka kwa wakala, na wengine walioambiwa "umefeli" na kurudishwa mitaani bila ya kuelezwa wamefeli nini. Aliyekutwa na kifua kikuu akaachwa hivyo ataendelea kukohoa katika chumba anacholala na wadogo zake.

Upande wa pili wapo wanaofurahi kupewa hati ya afya bila ya kupimwa. Mpishi anayenunua cheti cha kushika chakula anajiona amepata nafuu ya nusu siku. Akiwa na homa ya matumbo bila ya kujua, wageni wa harusi ndio watakaolipa. Kwa watu wa viwandani, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imetambua kuwa wanaofanya kazi zenye hatari wachunguzwe afya zao. Mzee aliyefanya kazi miaka 20 penye kelele za mitambo bila ya kupimwa masikio hawezi kuonyesha lini alianza kupoteza kusikia kwake.

Nani basi anayezisimamia kliniki hizi? Kila kituo cha afya cha binafsi nchini hutakiwa kuwa na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, nayo ibandikwe mahali inapoonekana. Wauguzi husajiliwa na baraza lao, na maabara ina bodi yake. Isomeni leseni hiyo: jina la kituo, mahali kilipo, na mwaka wake. Chanjo ya homa ya manjano na kadi yake hutolewa na vituo vilivyoidhinishwa pekee, na muhuri wa kituo kisichoidhinishwa unaweza kukataliwa uwanja wa ndege. Mkitilia shaka, ulizeni ofisi ya afya ya bandari au ya kaunti kabla ya kulipa. Mkikuta uovu, mlalamikieni baraza husika kwa maandishi, mkiwa na risiti na tarehe. Kunong'ona barazani hakujafunga kliniki hata moja.

Tunajua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kuwa ajali ni kudra na sindano haizuii ajali. Kwao tunakumbusha safari ya Sayyidna Umar (R.A.) kuelekea Sham. Alipofika Sargh aliambiwa kuwa huko mbele kuna tauni. Alishauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda alipomhoji kama anaikimbia kudra, Umar alimjibu kuwa kurudi nako ni kudra ile ile ya Mwenyezi Mungu. Kiongozi wa waumini aliahirisha safari kwa ajili ya afya ya wenziwe, na hakuna aliyemhesabu kuwa mpungufu wa imani.

Wengine watasema kuwa maswali mengi ni kumvunjia daktari heshima. Sisi tuliuliza mengi siku ile, na hatukuona uso uliokunjwa. Muuguzi alitwambia kuwa humwogopa zaidi mgonjwa anayenyamaza, kwa maana ndiye anayeficha vidonge mkobani. Na wengine watasema kuwa hawana muda. Hao tunawaomba wahesabu kwa kurudi nyuma: nia ya safari ikishapatikana, ziara ya kliniki iwe wiki sita kabla, ili pabaki nafasi ya kuahirisha, kuuliza na kusubiri. Masharti ya Saudi Arabia hubadilika kutoka msimu hadi msimu, hasa kuhusu polio na maradhi mapya, hivyo yaulizwe upya kila safari hata kama mlikwenda mwaka jana. Akina baba wanaosoma safu hii begani kwa wake zao, nauli ya kliniki iingizwe katika hesabu ya safari tangu mwanzo, isiachwe iwe ya mwisho.

Tumalizie na Bi Mkubwa. Kundi lake liliondoka bila yeye. Kubadilisha tarehe ya tiketi kulimgharimu, na kijana wake alinyamaza naye siku mbili. Siku ya tatu alikuja na pakiti za vidonge mkononi, akakaa chini, akamuuliza mamake kila kidonge ni cha nini na tangu lini anakimeza. Hakuwahi kuuliza kabla ya hapo. Jibu kuhusu barua lilipatikana kupitia kwa wakala, siku 10 zikapita na kuzidi, na Bi Mkubwa akasafiri na kundi la mwezi uliofuata. Alipotuaga alitwonyesha mkoba wake mdogo wa shingoni. Mlikuwa na pasi, barua ya daktari, na hati moja ya chanjo yenye tarehe ya kweli.

Basi wiki hii, kila nyumba itafute kadi zake za chanjo, izitie pamoja mahali pamoja, na iandike katika karatasi moja dawa anazotumia kila mzee wa nyumba hiyo. Siku ya kliniki karatasi hiyo iwe mkobani.

Mwenyezi Mungu awape afya wasafiri wetu na awarudishe salama. Tukutane wiki ijayo, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.